Makapi ya mawese yana mwenyewe

Mama mdogo anakamua mawese kule Simbo, Kigoma. Juzi nilimweleza kwamba nyuzi za mchikichi zinaweza kutolewa fuwele nano za selulosi, yaani vijiti vidogo mno vya ile selulosi inayojenga nyuzi za mimea. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, mkiyabeba makapi, mimi chikichi nitachemshia nini?"

Hapo ndipo tunapokosea sisi wa maabara. Makapi yanayobaki baada ya kukamua yana mafutamafuta, yanashika moto haraka, na ndiyo kuni zake. Kinacholala nyuma ya kibanda mpaka kinaota uyoga ni mkungu uliokwisha kupukuchuliwa. Una maji, ukiutia jikoni ni moshi mtupu. Kama ni kutafiti, tuanze na huo (japo nao ukiozea shambani unaurudishia udongo potasiamu).

Hatua ya kwanza mama mdogo anaijua nusu. Mkungu uliochambuliwa unachemshwa kwa kostiki, ileile anayopikia sabuni. Lignini na hemiselulosi, vile vitu vinavyoshikamanisha nyuzi, zinatoka, maji yanakuwa meusi tii. Nyuzi zikishang'arishwa zinabaki nyeupe kama pamba. Kazi ni inayofuata: asidi ya salfuriki ya asilimia 64 hivi, nyuzijoto 45, kwa muda usiozidi saa moja. Asidi inakula sehemu za selulosi zilizolegea, inaacha zilizojipanga. Ukichelewa kuizuia, hata hizo zinageuka sukari. Ukiwahi, unapata vijiti vyenye upana wa nanomita 5 hadi 20 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), vikielea kwenye maji yenye ukungu wa samawati.

Halafu tunakimbilia mashine ya eksirei na kujigamba kwa asilimia ya ufuwele, yaani kiasi cha selulosi iliyojipanga. Mara nyingi hesabu yenyewe ni ile ya Segal na wenzake ya mwaka 1959: unachukua kimo cha kilele kimoja na bonde moja kwenye mchoro, basi. Inafaa kulinganisha sampuli na sampuli, haisemi kama kazi inalipa.

Mimi nataka namba ya maji. Kuizima hiyo asidi tu, mchanganyiko unamwagiwa maji baridi kama mara kumi ya ujazo wake, kisha kuna kuosha kwa siku kadhaa. Yote hayo yanatoka na ukali wake, na huku kila mfereji unaishia Ziwa Tanganyika. Mkungu tunapewa bure. Asidi inanunuliwa, na chokaa ya kuipoza pia. Anayeandika mradi bila mistari hiyo miwili, mimi simsomi hadi mwisho.

Mama mdogo ameniruhusu mikungu mitatu ya majaribio. Makapi ameyafunika turubai.