Gugu karoti halifyekwi, linang'olewa

Mwezi uliopita mtoto wa jirani aliniletea shada la maua. Vikonyo vyembamba vya kijani, na juu yake vichwa vyeupe vidogo vidogo, vimetapakaa kama bisi za mtama. Alikuwa ameyachuma kando ya uzio wa maegesho ya malori, hapa kwetu Busia upande wa Uganda, akayafunga kwa uzi. Nilimshukuru, nikamnawisha mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kisha shada nikalitia motoni. Alilia. Roho iliniuma, lakini lile lilikuwa gugu karoti, na vichwa vyake vilikuwa vimeshafunguka.

Naandika kwa sababu wengi hapa mjini bado hawalijui. Wengine huliita ua tu. Wengine hudhani ni bangi mwitu, au kishona nguo, ile ambayo Waganda huiita ssere. Kulikosea jina si kosa dogo, maana kishona nguo ukikifyeka mara mbili tatu unakimudu, na hili ukilifyeka unalizidisha.

Basi litazame hivi. Likiwa changa hulala chini, majani yamejipanga duara kama sahani juu ya udongo, na majani hayo yamekatika katika kama ya karoti, rangi yake kijani kilichopauka. Yaguse kwa kijiti, si kwa kidole: yana vinywele laini. Mvua ikiendelea, linapanda shina moja lenye mifereji inayoshuka kutoka juu hadi chini, na shina hilo hugeuka gumu kama mti kadiri linavyozeeka. Linaweza kufika mita mbili, ingawa mengi niliyoyaona hapa yananifika kiunoni. Juu linatoa matawi mengi, na kila tawi linabeba vichwa vyeupe vyenye upana wa milimita nne hivi. Chukua kimoja ukisogeze karibu na jicho. Kina pembe tano. Kwenye kila pembe hukaa mbegu moja, kwa hiyo kichwa kimoja hubeba mbegu hadi tano, nyeusi, ndogo kama unga wa tumbaku. Zidisha kwa vichwa vyote vya mmea mmoja mkubwa na utapata mbegu 15,000, hata 25,000.

Bangi mwitu utaijua kwa harufu kali ukiisugua majani, na maua yake ni ya njano hafifu, membamba kama vijiti. Kishona nguo kina ua lenye kitovu cha njano na mbegu zinazong'ang'ania sketi. Gugu karoti halina kitovu cha njano wala haling'ang'anii nguo. Husafiri kwa tope la magurudumu, kwato za ng'ombe, mchanga wa kujengea, maji ya mtaro na magunia ya nafaka.

Asili yake ni Amerika, pande za Mexico na nchi zinazoizunguka Ghuba yake. India liliingia miaka ya 1950 pamoja na ngano kutoka Marekani, na huko nao wakaliita kwa Kihindi "gajar ghas", yaani majani ya karoti, wakiwa hawajawahi kutusikia sisi. Hapa Uganda lilirekodiwa mwaka 2008. Sasa lipo kando ya barabara zetu za mashariki, na limefika hadi magharibi, kwenye Hifadhi ya Queen Elizabeth. Lakini jina ninalolikumbuka kila nikiinama kuling'oa ni la mashariki ya Ethiopia, ambako wakulima waliliita "faramsisa": tia sahihi uondoke. Ukiwa na shamba lililojaa gugu hilo, kilichobaki ni kuweka sahihi na kulikabidhi. Huko huko Ethiopia wataalamu walipima mtama uliolimwa bila palizi wakakuta hasara ya kati ya asilimia 40 na 97 ya mavuno. Sisi wa Busia na Tororo tunakula mtama na wimbi. Asilimia 97 maana yake ni ghala tupu.

Na balaa lake halikomi shambani. Ng'ombe hulikwepa, ila kiangazi kikikaza na majani mengine yakiisha hulila, na maziwa yake huwa machungu. Dada yangu, anayekaa nyuma ya soko, alipalilia mihogo yake kwa mikono mitupu msimu mzima. Ilianza kama harara vidoleni, ikapanda hadi shingoni na kwenye kope, ngozi ikawa nene na kupasuka. Alipaka mafuta ya kila aina kabla mganga wa zahanati hajamuuliza anashika mmea gani kila siku. Gugu hili lina sumu iitwayo parthenini, na wapo watu ambao mwili wao ukishaichoka, hata vumbi la ua lake likipeperuka huwasha ngozi na kubana kifua.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi.

Kandokando ya barabara inayopita mbele ya nyumba yetu hufyekwa na vijana walioajiriwa na mkandarasi. Mara ya mwisho walikuja gugu likiwa limechanua sawasawa, barabara nyeupe pande zote mbili. Walilifyeka kwa fyekeo na kuliacha lilale palepale, nayo malori yakapita juu yake. Nilimwendea kijana mmoja nikamwambia, mwanangu, hili lingeng'olewa wiki tatu zilizopita, sasa mnapanda. Akanijibu kwa adabu, "Mama, mimi nalipwa kwa mita. Wakikuta majani yamesimama, wanakata hela yangu." Sikuwa na la kumjibu. Kosa si lake.

Wiki tatu baadaye nikapita tena mahali pale pale na kuchuchumaa. Kila kisiki kilikuwa kimetoa vitawi vinne au vitano, vifupi, vimetanda chini kabisa ambako fyekeo halifiki, na vyote vina maua. Katikati ya visiki udongo ulikuwa umefunikwa na zile sahani changa za kijani kilichopauka. Pale pale ambapo mwanzoni palikuwa na shina moja la kunifika kiunoni, sikuweza kuweka mguu bila kukanyaga mche.

Ndiyo maana nasema liondolewe na mzizi wake, na liondolewe kabla ya ua. Likiota leo, kwenye unyevu wa kutosha laweza kuchanua baada ya wiki nne tu, na halina msimu. Mvua yoyote huliamsha. Kwa hiyo mimi nina siku yangu, Jumamosi, na nafuata mvua. Udongo ukiwa umelowa, mzizi wake mkuu hutoka wote kama karoti yenyewe. Navaa glavu za mpira au mfuko wa nailoni mikononi, mikono mirefu, kitambaa puani. Lisilo na ua nalikausha juani na kuliacha lioze. Lenye ua naliinamisha taratibu ndani ya gunia, nalifunga, nalichoma. Siliweki kwenye mboji kamwe. Kwa shamba kubwa zipo dawa za kuua magugu, na zinafanya kazi likiwa bado sahani. Likishasimama na kukakamaa unamwaga pesa. Muulize afisa kilimo wa eneo lako kabla ya kununua chochote dukani. Mwenye malisho ajue pia kwamba gugu hili hupenda ardhi iliyotafunwa ikabaki upara. Nyasi zikiwa nene, halipati pa kukaa.

Wako wanaoniambia haya ni maji ya kumwaga mchangani, mbegu zake hukaa udongoni miaka. Ni kweli hukaa miaka. Lakini Uganda hii hii imewahi kulishinda gugu. Wa umri wangu tunakumbuka gugu maji lilivyofunga fukwe za Ziwa Victoria miaka ya 1990, mitumbwi imekwama, mbu wamejaa. Mwaka 1995 waliachiliwa wadudu wadogo wanaolila gugu hilo, na miaka michache baadaye ziwa likafunguka. Gugu karoti nalo lina adui wake, mdudu wa Mexico mwenye mistari ya kahawia mgongoni, ambaye India ilimwachilia mwaka 1984 na anakula majani yake hadi shina libaki uchi. Ningependa kuona watafiti wetu wakipewa fedha za kazi ya namna hiyo mapema, kabla barabara haijawa shamba. Gugu maji tulilingoja hadi likafunga bandari.

Wakati huo huo yapo mambo yasiyohitaji mtafiti. Mikataba ya kusafisha barabara iandikwe upya: kijana alipwe kwa gugu aling'oalo kabla ya ua, siyo kwa mita ya majani yaliyolala. Maegesho ya malori yawe na mahali pa kuoshea magurudumu, na maji yake yasielekezwe mtaroni. Queensland, Australia, gugu hili liliingia na mbegu za nyasi mwaka 1958, na sasa kuna vituo vya kuoshea magari na mashine zinazotoka maeneo yenye gugu hilo. Sisi tuna mpaka wenye foleni ya malori usiku na mchana, mengine yanasubiri siku nzima. Muda wa kuyaosha upo.

Nimeshamweleza mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, akaomba nimletee mmea auone. Nilimpelekea ndani ya chupa ya maji iliyofungwa: mmoja sahani, mmoja wenye ua. Sasa chupa iko dirishani ofisini kwake, na watu wakija kugongewa muhuri huulizwa kama wanalo nyumbani. Wanawake watatu wa safu yetu wameanza kutoka nami Jumamosi. Mvua ya juzi usiku ilikuwa kubwa. Jana asubuhi kati ya lango langu na mtaro nilihesabu miche 43, yote bado sahani, na hadi chai inachemka ilikuwa imeshalala juani, mizizi juu.