Mkaa mbadala au matofali?

Jamani, hivi vidonge vya mkaa mbadala vya bei chee vitanitoa roho. Juzi nimebandika maharage saa nne asubuhi, hadi saa nane bado yanagonga sufuria kama kokoto. Nachungulia jikoni: vidonge viko vilevile, umbo halijabadilika, ila vimekuwa vyekundu kahawia. Nilikuwa napika au nachoma vyungu?

Najua lazima pawe na kitu cha kushikiza zile chenga za mkaa. Wenye nia njema wanakoroga uji wa unga wa muhogo. Wengine wanatia udongo, na ukiwa kidogo hauna ubaya, moto haukimbii. Sasa wewe ukitia nusu kwa nusu, huo udongo utaungua lini? Unabaki majivu tu, unaziba matundu ya jiko, hewa haipiti, moto unasinzia.

Halafu muuzaji anakwambia, "Dada, hivi ni vizito, vinakaa na moto." Uzito wa nini? Mchanga nao mzito. Maji nayo yana uzito, na kidonge ambacho hakijakauka kitakutoa machozi kwa moshi kabla hakijashika.

Siku hizi navunja kimoja palepale mbele yake. Kikimeguka kama keki, narudisha. Kikikatika kwa mlio mkavu, nachukua vichache tu nikavichome kwanza, niyaone majivu yake.

Ananuna. Na anune. Sisi siku ile tulikula chapati kavu na chai.