Filamu Zake Sizipendi, Lakini Kazi Anaijua

Katika mabanda ya video ya Mtwara, ubishi juu ya waongozaji wa filamu mara nyingi huishia kwenye kauli hii: "Filamu zake sizipendi, lakini kazi anaijua." Anayeitoa anadai kwamba ufundi na ladha hupimwa kwa mizani mbili tofauti. Anayempinga husema kwamba hakuna ufundi unaoonekana bila jicho la mtu, na kila jicho lina linachokipenda. Naona wa kwanza ana haki kwa sehemu kubwa ya safari, ingawa si safari nzima.

Mkoa huu una ushahidi wa kumtetea. Wachongaji wa Kimakonde hutoa vinyago vya ujamaa, ambamo watu wamebebana kwenda juu, na vinyago vya mashetani vyenye maumbo yaliyopindapinda. Wapo wasiotaka kinyago cha shetani kikae sebuleni mwao, na bado wakikishika mkononi wataona kama mchongaji ameupunguza mpingo hadi mkono wa kinyago ukawa mwembamba bila kupasuka, au kama mahali fulani palivunjika pakaungwa kwa gundi.

Filamu nayo ina mambo yanayokagulika hivyo. Mhusika anatoka mlangoni kivuli chake kikiwa kifupi miguuni, saa ya adhuhuri. Picha inayofuata anafika getini, hatua chache tu kutoka hapo, kivuli kimerefuka hadi ukutani. Mazungumzo ya mama na binti yake yanarekodiwa karibu na jenereta, na nusu ya maneno inamezwa. Katika ugomvi, mtazamaji hajui nani yuko nyuma ya nani. Mambo haya hayahitaji ladha yoyote, na mtu anayempenda mno mwigizaji mkuu atayaona sawasawa na asiyempenda, akitaka kuyaona.

Ugumu unaanza pale kasoro na kusudi vinapofanana sura. Waongozaji wengi hufundishwa kanuni ya nyuzi 180: watu wawili wakizungumza, kamera ibaki upande mmoja wao, ili mmoja aonekane akitazama kulia na mwenzake kushoto. Ikivunjwa, wote wawili huonekana kana kwamba wanatazama upande mmoja, na mtazamaji anaweza kupotea ndani ya chumba. Yasujirō Ozu wa Japani aliivunja mara kwa mara, ikiwemo katika Tokyo Story ya mwaka 1953, huku kamera yake ikiwa chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi sakafuni. Mkaguzi anayefuata orodha ya kanuni angemfelisha. Anayetetea ufundi wake hujibu kwamba uvunjaji huo unarudiwa kwa utaratibu uleule filamu hadi filamu, kwa hiyo si bahati mbaya.

Hapo mpinzani anapata hoja nzito, na sioni vyema kuipita haraka. Mtu anaweza kurudia kosa lilelile maisha yake yote. Uthabiti peke yake hauligeuzi kuwa ufundi. Tunauita ufundi kwa sababu tumekwisha kukubali kwamba matokeo yake yana thamani, na kukubali huko kumetoka kwenye ladha. Jibu ninaloweza kulitoa ni kutenganisha maswali mawili: je, mwongozaji ameyafikia matokeo aliyoyakusudia, na je, matokeo hayo yanafaa kukusudiwa? Mtu aliyechoshwa na utulivu wa Ozu anaweza kukiri kwamba utulivu huo umetengenezwa kwa makini. Swali la pili anabaki nalo, na hakuna fundi wa kulijibu kwa niaba yake.

Wanaodhani wataalamu wamelimaliza swali hilo waangalie kura inayopigwa na jarida la Sight and Sound la Uingereza kila baada ya miaka 10. Vertigo ya Alfred Hitchcock ilipokewa kwa sifa zilizochanganyika na lawama ilipotoka mwaka 1958, ikashika nafasi ya kwanza katika kura ya wahakiki ya mwaka 2012, kisha mwaka 2022 ikapitwa na Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Wapigaji kura hao, ni kweli, huulizwa filamu kubwa kuliko zote, hawaulizwi fundi kuliko wote.

Kuna jambo jingine ambalo mabanda yetu yanalikuza: tunahukumu kazi ya nani? Katika Psycho ya mwaka 1960, Hitchcock alitaka tukio la mauaji bafuni lisiwe na muziki. Mtunzi wa muziki Bernard Herrmann akaandika fidla zinazopiga mayowe, na mwongozaji aliposikia akakubali. Ufundi wa kuandika ni wa Herrmann, wa kubadili uamuzi ni wa Hitchcock. Filamu ya namna hiyo ikichezwa bandani huku msimuliaji akitafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili (na wasimuliaji wengine, nakiri, wanachekesha kuliko filamu yenyewe), muziki, minong'ono na ukimya vyote vinafunikwa. Mtazamaji wa bandani ana haki kamili ya kuhukumu mpangilio wa picha, na huenda jicho lake limenolewa zaidi kwa kukosa maneno ya asili. Kwa upande wa sauti, asubiri nakala isiyosimuliwa kabla ya kusema kwamba mwongozaji hajui kazi.