Pilipili ya darasa la kwanza

Watu wakisikia nimekulia Wales wanafikiri ni London tu sema pembeni kidogo. Wapi bwana. Mi nimekulia kijijini kabisa, Carmarthenshire, kanisa moja, baa moja, duka ambalo ndilo hilohilo posta, halafu kondoo mpaka basi. Mama alipata kazi ya unesi 2002 tukatoka Tanga mi nina miaka sita, na kule mtaani ni Kiwelshi, shuleni ni Kiwelshi, Kiingereza chenyewe nilikuja kukiokotea uwanjani kwenye mpira.

Sasa mtoto lugha anaidaka haraka ila anadaka vipande. Neno likifanana na la kwetu mi nalibeba hivyohivyo siulizi. Wao mama ni mam, chai ni te, nikaona aah hii lugha mbona ndugu yetu tu.

Ikafika mwezi wa saba, shule inafunga, kuna tamasha la wazazi. Darasa letu tunaimba wimbo wa bustani. Mwalimu akawa anagawa, wewe nyuki, wewe ua, alipofika kwangu akanishika bega akasema mimi na wenzangu wanne ni pili-pala. We! Nilifurahi huyo mama wa watu anaijua pilipili, matamshi tu ndo yamempinda kidogo.

Na mazoezini kila kitu kilikubali. Tulikuwa tunazunguka ukumbi tunapunga mikono, mi najua kabisa tunajipepea, si ndo mtu akila pilipili anavyofanya? Nikawa naongeza na kutoa ulimi, hakuna aliyenikataza.

Barua ya shule yenye maelezo ililowa begini ikawa uji. Kwa hiyo mama akanitegemea mimi.

"Mwalimu kasemaje?"

"Niwe pilipili."

"Pilipili hoho au ya kuwasha?"

Nikafikiria ule ulimi. "Ya kuwasha."

Mama alicheka sana, watu ambao hata pilipili manga wanainyunyizia kwa uchoyo leo wana wimbo wa pilipili! Akakesha siku mbili baada ya zamu. Shuka jekundu, akalishona likawa jembamba kuja miguuni mpaka ncha kabisa, na ile ncha kaipinda kidogo maana pilipili yetu haisimami wima. Ndani akajaza sponji ya mito miwili. Mikono ikabaki humohumo ndani, pilipili ina mikono kwani? Kichwani kofia ya sufu ya kijani na kikonyo cha waya. Nisijisifu, ila ukiniweka sokoni pale Ngamiani ungeniuliza fungu shingapi.

Tatizo kutembea. Nilikuwa naruka kama chura. Siku yenyewe wazazi wamejaa ukumbini, makoti yamelowa (ndio, mwezi wa saba), wenzangu wanatangulia jukwaani wana mabawa ya waya na kitambaa laini, mapambo yanameremeta usoni, yaani vipepeo. Nikajiambia masikini, mama zao hawajaelewa.

Halafu nikaingia mimi. Tu. Tu. Tu.

Ukumbi kimya. Mwalimu kwenye piano vidole vimesimama hewani. Nikaruka wa nne, ncha ikanasa kwenye zulia, nikaenda chini mzimamzima, mikono sina ya kujizuia, nikabiringika nikabeba ua moja na nyuki wawili, kikonyo kikamwingia nyuki mmoja sikioni akalia kuliko king'ora.

Mzee mmoja nyuma huko akasimama akapaza sauti, "Y ddraig goch!" Yaani joka jekundu, lile la kwenye bendera yao. Nyekundu na kijani, si ndo rangi zenyewe! Basi ukumbi mzima ukalipuka, watu wanapiga makofi na miguu kama Wales imeifunga Uingereza raga, na mimi bado niko chini nabiringika sielewi kitu, nikatoa ulimi kumalizia kazi. Wakazidi kushangilia, wanadhani joka linatema moto.

Mama alikuja nyuma ya jukwaa kanyooka kwa fahari, kila anayempa mkono kumsifia joka anamsahihisha, "No no, pilipili." Nao wanajibu ndio ndio, pili-pala, wanacheka. Wameshikana mikono hivyo kila mtu anajua kaelewana na mwenzake.

Jioni bibi jirani, tuliyemwita Mam-gu maana ndo bibi kwa kwao, alikuja na keki zake za zabibu akatuchorea kipepeo kwenye bahasha. Pili-pala ndo hiyo. Halafu akaongeza kuwa yeye hata hilo neno halitumii, kwao toka zamani kipepeo wanamwita iâr fach yr haf, yaani kuku mdogo wa kiangazi.

Mama akaniangalia, akaangalia lile shuka linaning'inia kwenye kiti.

"Afadhali sikumuuliza mapema," akasema. "Sahizi ningekuwa nakunyonyoa manyoya."