Babu ndiye shahidi wa pili
Makala niliyosoma inatuambia wazazi tukae na watoto wanapotumia akili mnemba. Sawa, ila nyumbani kwetu huku Nkuhungu, Dodoma, simu ni moja, yangu, na narudi nayo saa mbili usiku nimechoka hoi. Halafu nani huwa anasoma masharti? ChatGPT, programu ya akili mnemba, inataka miaka 13 kwenda juu, na chini ya 18 kwa ruhusa ya mzazi.

Juzi binti yangu wa darasa la sita aliiuliza programu fulani ya akili mnemba: Dodoma ilichaguliwa lini kuwa makao makuu ya nchi? Ikajibu 1996, tena kwa kujiamini! Babu yake alikuwa anabangua karanga, akacheka: "Ni 1973, mjukuu wangu, nilikuwepo." Tukafungua kitabu, babu kapatia. Tangu hapo jibu la simu haliandikwi daftarini bila shahidi wa pili.