Acheni kuwauliza Wakenya lini watashinda Kenya Open

Kila mashindano ya gofu ya Kenya Open yakikaribia, picha huwa zile zile za mabingwa wa zamani. Seve Ballesteros 1978. Ian Woosnam 1986. Kisha mchezaji mmoja wa hapa anaitwa studioni, na swali la kwanza analotupiwa ni lini Mkenya atalitwaa kombe. Anajibu kwa adabu kwamba safari hii wamejiandaa. Ijumaa jioni mchujo unapita, jina lake halimo, na kabla jua halijatua watu wameshaandika mitandaoni kwamba wachezaji wetu hawana moyo.

Hilo neno la moyo ndilo lililonikera. Gofu haichezwi kwa uzalendo. Inachezwa kwa kasi ya nyasi, kwa umbali wa mpira hewani na kwa idadi ya wiki ambazo mtu amecheza katika mazingira yale yale atakayoyakuta Alhamisi asubuhi. Anayefahamu jinsi mashindano haya yalivyoanza na jinsi uwanja unavyotayarishwa hawezi kuuliza swali la moyo.

Tuanze na historia. Kenya Open ilizaliwa 1967, katika klabu ya Muthaiga, Nairobi. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Miaka michache tu kabla ya hapo, Mwafrika aliingia katika klabu kubwa za Nairobi akiwa na begi la mtu mwingine begani, au akiwa nyuma ya mashine ya kukata nyasi, au akihudumu mezani. Mshindi wa kwanza alikuwa Guy Wolstenholme, Mwingereza. Mwenzake Maurice Bembridge akashinda 1968 na 1969, akarudi kushinda tena 1979. Nani wa hapa angewazuia? Kedi, yaani mbeba begi la mchezaji, aliyejifunza gofu kwa kuiba nafasi, na fimbo mbili alizoachiwa na bwana?

Waingereza na Waayalandi hao walikuwa na sababu nzuri ya kuja. Kwao ni baridi, viwanja vimelowa, na msimu wa Ulaya haujafunguliwa. Huku kulikuwa na Safari Circuit, mfululizo wa mashindano uliopita nchi kama Nigeria, Zambia, Kodivaa na Kenya. Mchezaji alifika Nairobi akiwa ametoka kwenye shindano na akielekea kwenye shindano. Mikono imeshapata moto. Ballesteros alikuwa na miaka 20 aliposhinda hapa, na mwaka uliofuata akatwaa The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, huko Royal Lytham. Woosnam alivaa koti la kijani la bingwa wa Masters, Marekani, 1991. Trevor Immelman alishinda Kenya 2000, akashinda Masters 2008. Edoardo Molinari alipita hapa 2007, Aaron Rai 2017. Ni orodha ya kujivunia, nakubali, na mji wetu umo katika wasifu wa mabingwa wakubwa. Lakini ni historia ya wageni, na tumeizoea kiasi kwamba tunaisimulia kana kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu.

Hawakuwa watazamaji. 1998, wakati huo mashindano yakiwa chini ya Challenge Tour, ziara ya daraja la pili ya Ulaya, Jacob Okello alifika hadi mashimo ya ziada ya kutafuta mshindi, akashindwa na Ricardo González wa Argentina. Raundi nne zilikwisha na Mkenya hakuwa nyuma ya mtu yeyote. Mwaka huo ungestahili bango lake, tena kubwa. Vijana wengi wanaobeba mabegi leo hawajui kwamba jambo hilo liliwahi kutokea.

Sasa twende uwanjani, maana ndiko jibu liliko.

Jambo la kwanza na la pili na la tatu ni grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, grini za klabu hukatwa kwa ajili ya wanachama. Nyasi huachwa na urefu kidogo, kwa sababu kuikata chini sana wakati wa kiangazi ni kuiua, na kwa sababu mwanachama wa handikapu 20, mchezaji wa kawaida tu, akisukuma mpira ukapita shimo kwa yadi 5 atalalamika kwa kamati. Mashindano yakikaribia, mambo hubadilika. Visu hushushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, sehemu ya milimita kila mara, maana ukishusha kwa ghafla unachuna majani yote na kubakiwa na mashina ya kahawia. Mchanga mwembamba hutandazwa kusawazisha uso. Wiki yenyewe grini hukatwa hata mara mbili kwa siku, kisha hupitishwa rola. Kasi hupimwa kwa stimpmita, kipande cha alumini chenye mfereji: mpira huwekwa juu, ncha moja inainuliwa mpaka mpira ujiachie wenyewe, na futi utakazobingirika kwenye sehemu tambarare ndiyo kasi ya grini.

Chukua mchezaji aliyezoea futi 9, mwingize kwenye grini ya 11. Katika tambarare, msukumo wake ule ule utapeleka mpira zaidi kwa karibu robo. Hilo anaweza kulirekebisha kwa siku moja. Kinachomuua ni mteremko. Nyasi inapopunguza kidogo tu kuuzuia mpira, mteremko unauchukua kwa nguvu zaidi, kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye tambarare huwa kubwa sana mpira unaposhuka. Mpira wa futi 10 kuelekea chini ukikosa shimo haukomei futi 1 mbele, unakomea 5 au 6. Na mkunjo nao huongezeka. Kwenye grini nzito unaweza kuupiga mpira kwa nguvu ukaenda moja kwa moja bila kujali kamteremko ka pembeni. Kwenye grini ya kasi lazima uulenge mbali na shimo na kuuacha ufe polepole. Huu ni ustadi mwingine kabisa. Mikono inahitaji miezi kuujua, na Jumanne ya mazoezi haitoshi.

Matokeo yake utayaona ukisimama kwenye grini yoyote Alhamisi. Mchezaji wetu anafika kwa mipigo ile ile ya mgeni, wakati mwingine mpira wake uko karibu zaidi. Anasukuma wa kwanza, unapita. Sasa anaogopa. Wa pili anauacha mfupi. Kasukuma mara tatu. Shimo linalofuata, akijua grini ina kasi, anaanza kulenga katikati badala ya kulenga bendera, na hapo nafasi zote za kupata chini ya pa, yaani idadi ya mikwaju iliyowekewa shimo, zinapotea. Mtu aliye nyuma ya televisheni anaona woga. Ni kweli ni woga, ila umezaliwa na kasi ya nyasi, na hakuna hotuba itakayouondoa.

Kuna pini pia, yaani mahali shimo na bendera vinapowekwa. Siku za wanachama shimo huchimbwa karibu na katikati. Wiki ya Kenya Open utalikuta hatua 4 kutoka ukingoni, nyuma ya banka, yaani bonde la mchanga, na kuliendea kunataka mpira wa juu unaotua na kusimama. Kuupiga mpira huo ni lazima uwe umeupiga mara elfu.

Kuhusu rafu, yaani nyasi ndefu za pembeni, na mwinuko wa mji kutoka usawa wa bahari, hapo wenyeji wana nafuu ya kweli, ingawa huisha haraka. Nyasi ya kikuyu ina jani pana na mizizi inayotambaa. Hushika shingo ya fimbo, uso wa fimbo unafunga na mpira unatoka chini kuelekea kushoto kwa mpigaji wa mkono wa kulia. Mkenya anajua kufungua uso kidogo, kushika kwa nguvu zaidi na kukubali kutoka kwa fimbo fupi. Mgeni hujifunza hilo kwa kupoteza mkwaju mmoja au miwili. Na Nairobi iko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, mpira huruka kwa karibu asilimia 10 zaidi. Fimbo ya 7 inayotoa yadi 165 pwani hapa inakaribia 180. Zamani hesabu hiyo ilimchanganya mgeni mpaka Ijumaa. Leo anafika Jumatatu na mashine ya rada, anapiga mipira kwa fimbo kila moja, kedi wake anaandika orodha mpya ya yadi kwenye daftari, na Jumatano jioni hana swali tena. Mwenyeji naye akishuka Vipingo au akisafiri kucheza usawa wa bahari, orodha yake yote inamdanganya kwa upande wa pili, na mara nyingi hana mashine ya kumsaidia.

Sasa weka hayo yote kwenye hesabu ya mchujo. Baada ya raundi mbili hubaki wachezaji 65 bora na waliofungana nao. Walio chini hawapati hata senti, wawe wamekosa kwa mkwaju 1 au kwa 15. Juu kabisa, mshindi huchukua asilimia 17 ya zawadi yote; kwa zawadi ya dola milioni 2.5 kama ya 2024, hizo ni dola 425,000. Na kiwango cha kushinda kikoje? Muthaiga ni uwanja wa pa 71. Ashun Wu wa Uchina alishinda 2022 kwa jumla ya mikwaju 268, yaani wastani wa 67 kwa siku nne. Jorge Campillo wa Uhispania alimaliza 2023 akiwa mikwaju 18 chini ya pa. Darius van Driel wa Uholanzi alishinda 2024 kwa 14 chini. Mchezaji anayepiga pa kila siku, jambo ambalo si dogo kwenye uwanja ulioandaliwa hivyo, anapigania kuiona Jumamosi tu.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayesema dawa ni kuongeza nafasi za mwaliko kwa Wakenya. Ukiwapa 10 zaidi bila kubadilisha wanachocheza mwaka mzima, umeongeza watu 10 wa kurudi nyumbani Ijumaa bila malipo.

Safari Tour, mfululizo wa mashindano ya hapa nchini, ilikuwa jambo jema, na waandaaji wanastahili sifa hiyo hata kama mimi ni mgumu wa kuitoa. Iliwapa wachezaji wa kulipwa ratiba, zawadi na njia ya wazi ya kufuzu Kenya Open. Kupanda kwa Kenya Open hadi European Tour, ziara kuu ya Ulaya, 2019, mwaka aliposhinda Guido Migliozzi, kulikuwa hatua kubwa. 2020 korona ikazuia kila kitu, 2021 wakaandaa mashindano mawili mfululizo pale klabu ya Karen bila watazamaji, na Justin Harding akashinda Kenya Open. Kazi hiyo si ndogo. Mvutano wa Muthaiga na Karen kuhusu nani awe mwenyeji hauna maana kwangu; viwanja vyote viwili vinatosha.

Lakini Safari Tour ilichezwa zaidi kwenye grini za wanachama. Hapo ndipo penye kasoro, na inaweza kurekebishwa. Katika mfululizo wowote wa hapa, chagua vituo vitatu vya mwisho kabla ya Kenya Open. Kwa kila kimoja, wiki sita kabla, waandaaji wakubaliane na klabu kuhusu kasi ya grini na mahali pa pini, na walipie tofauti: dizeli na visu vya ziada, maji, mchanga, dawa ya ukungu, maana nyasi iliyokatwa chini hushambuliwa haraka, na saa za ziada za wafanyakazi wa uwanja. Kasi ipimwe kila asubuhi na iandikwe ubaoni wachezaji waione. Mtu akimaliza vituo hivyo vitatu amecheza raundi kadhaa akiwa na hofu ile ile ya Alhamisi ya Muthaiga, na hofu ikizoeleka hupungua.

Jingine ni la makedi. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walitoka huko, na klabu nyingi bado huwaachia makedi uwanja siku moja tu, kwa kawaida Jumatatu. Siku hiyo kijana atacheza mashimo 18, hatakwenda kusukuma mipira 200 kwenye grini ya mazoezi, na mara nyingi grini hiyo wala banka ya mazoezi si yake kutumia. Ndiyo sababu utakutana na mtu mwenye mkono mzuri ajabu wa kupiga mpira mrefu, aliyeujenga kwa fimbo moja ya kuazima, lakini mchezo wake wa karibu na grini hauna msingi. Klabu yoyote inaweza kufungua grini ya mazoezi jioni kwa muda wa saa mbili, siku tatu kwa wiki, kwa makedi waliosajiliwa. Nyasi haitakufa kwa hilo. Mashimo yahamishwe kila siku ili wasichimbe njia moja, viatu vyenye meno ya chuma vipigwe marufuku, na msimamizi mmoja asimame pale.

Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini alishinda 2025. Kwao kuna ziara ya ndani yenye mashindano mengi kwa mwaka na grini zinazoandaliwa kwa ajili ya wachezaji wa kulipwa. Mtu wa kwao akifika Muthaiga, Alhamisi ni siku ya kazi ya kawaida. Mwalikeni studioni msimamizi wa grini za Muthaiga mumuulize alishusha visu lini, kisha muwaulize wachezaji wetu mara ya mwisho waliikuta kasi hiyo wapi.