Asilimia tatu ya watu ishirini

Bajaji ya kwanza ilipunguza mwendo, dereva akaona kiti mwendo, akaongeza mafuta. Ya pili ilisimama. "Mzee, hicho kiti hakiingii, na hapa nikikaa sana nakamatwa," kijana akasema, akaondoka. Ya tatu ilimpakia, kiti kikakunjwa na kufungwa nyuma kwa kamba, ila kwa nauli ya watu wawili. "Mmoja wewe, mmoja kiti." Ni Ngamiani hapa, Tanga, asubuhi ya kawaida, na mzee mwenyewe hata hakukasirika.

Nani kati ya hao watatu kabagua? Nauliza kwa sababu hoja ya kupanua ulinzi wa kisheria dhidi ya ubaguzi wa wenye ulemavu kwa kawaida hujadiliwa kama suala la ajira, na kwenye ajira hatuko mikono mitupu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja ulemavu kwa jina miongoni mwa sababu zisizoruhusiwa za kumbagua mtu, na inamhesabu hata anayeomba kazi. Akionyesha dalili za kubaguliwa, mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unahamia kwa mwajiri. Hilo si jambo dogo.

Ila piga hesabu. Asilimia 3 ya watu 20 ni sehemu sita ya kumi ya mtu. Hata mtu mmoja kamili hajatimia mpaka ufikishe waajiriwa 34. Sasa tembea kutoka soko la Mgandini kuelekea Barabara ya 12, uhesabu saluni, mafundi cherehani, vibanda vya kutuma pesa na migahawa. Utakuta watu wawili, watatu, wanne. Kiwango hicho hakiwagusi.

Je, kishushwe? Hapa nawasikiliza wanaopinga. Mama mwenye mgahawa wa wasaidizi wanne amepanga nyumba ya zamani yenye msingi wa juu, na mwenye nyumba hataki ngazi ivunjwe. Ukimwekea idadi ya lazima utakuwa umemtwisha yeye kazi iliyoishinda halmashauri. Wapo pia wanaosema, na si kwa ubaya, kwamba mwajiri mdogo akiogopa kesi atatafuta namna ya kutomwita kabisa mwenye ulemavu kwenye usaili. Hoja hiyo ina uzito kwenye idadi ya lazima. Kwenye katazo la kumkatalia mtu kwa sababu ya mwili wake, siioni. Kutomfukuza mtu mlangoni hakuhitaji mtaji.

Upande wa Katiba kuna ubishi mwingine. Ibara ya 13 inapofafanua kubagua inataja utaifa, kabila, mahali mtu anakotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Ulemavu haumo. Wapo wanasheria wanaosema "hali ya maisha" inatosha kuubeba. Kama ingetosha, jinsia isingeongezwa kwa jina lake kwenye mabadiliko ya mwaka 2000. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilikuwa na ibara ya haki za watu wenye ulemavu, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na maneno yakabaki kwenye karatasi. Vuka mpaka wa Horohoro uingie Lunga Lunga, Kenya, utakuta katiba yao ya 2010 inayotaja ulemavu wazi. Sisemi kwamba upande ule matatu humsubiri mwenye kiti mwendo.

Tunachokosa zaidi ni njia ya kulalamika nje ya kazi. Aliyebaguliwa kwenye ajira ana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Aliyeachwa na bajaji, au aliyenyimwa chumba cha kupanga kwa kuwa haoni, aende wapi? Afungue kesi kwa nauli ya elfu moja? Huko ndiko ningeanzia kupanua. Kipimo tunacho tayari: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, tulioridhia 2009, unahesabu kukataa marekebisho yanayowezekana kuwa ni ubaguzi, mradi yasiwe mzigo uliopita kiasi. Kwa kipimo hicho dereva wa kwanza hana utetezi. Wa pili alikuwa na hofu ya kweli, ila hata kamba hakuitafuta. Wa tatu amefanya kazi ya ziada, na bado sijui kama kazi hiyo ailipe mzee peke yake.

Mzee alikuwa anakwenda duka la dawa. Lina ngazi tatu. Muuzaji alimwona, akatoka mwenyewe na dawa mkononi, kwa heshima zote, "shikamoo baba", kisha akaanza kumweleza: hii ya presha asubuhi, hii ya mkojo usiku. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa hatua mbili kutoka pale, wote wanasikia.

Baadaye nilimuuliza muuzaji, ubao wa kupitishia kiti mwendo pale ngazini ungemgharimu kiasi gani? Akasema hajawahi kuulizia. Fundi seremala yuko mlango wa tatu kutoka pale dukani kwake.